Kusafisha, Kuunguza, Kung'oa: Istilahi za Upasuaji wa Endometriosisi

Miongoni mwa maneno yanayosikika mara nyingi katika vyumba vya madaktari wa wanawake hapa nchini ni neno kusafisha. Mgonjwa huambiwa kuwa atasafishwa, na jamaa zake wanaongoja nje huambiwa kuwa ndugu yao amekwisha safishwa. Neno lenyewe ni zuri, na Kiswahili chake hakina dosari. Dosari ni kwamba kwa watu wengi wa Mwanza, kama ilivyo kwingineko Tanzania, kusafishwa kizazi ni kukwanguliwa mji wa mimba baada ya mimba kuharibika au kutolewa. Sasa tumfikirie mama wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambaye kwa miaka minane tumbo humkata kila aingiapo mwezini, wala hajapata mtoto. Amevuka ziwa, amepanda kilima cha Bugando, na daktari anamwambia kuwa tumbo lake litafunguliwa lisafishwe. Mama huyu anajua kuwa hajapata kuwa na mimba. Mumewe aliyeketi kando alikuwa na hakika hiyo hiyo mpaka aliposikia neno lile.

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno yanayotumika kueleza upasuaji wa ugonjwa uitwao endometriosisi, na kupendekeza mengine mahali ambapo yaliyopo hayatoshi. Hatuandiki kama matabibu, wala makala haya si badala ya ushauri wa daktari. Tunaandika kwa sababu ugonjwa huu una namna kadhaa za upasuaji ambazo matokeo yake hayafanani hata kidogo, na mgonjwa hutakiwa kutoa ridhaa kwa namna mojawapo. Iwapo namna zote zinaitwa kwa jina moja, ridhaa hiyo ni ya jina tu.

Kwanza tueleze ugonjwa wenyewe. Ndani ya mji wa mimba mna utando ambao kila mwezi hunenepa na kisha hubanduka na kutoka kama damu ya hedhi. Katika endometriosisi, chembechembe zinazofanana na za utando huo huota nje ya mji wa mimba: juu ya ovari, kwenye mirija ya uzazi, kwenye utando wa fumbatio, na pengine kwenye kibofu cha mkojo au utumbo. Huko nako hufuata mwendo wa homoni za mwezi, lakini damu yake haina njia ya kutokea. Matokeo yake ni uchungu mkali wakati wa hedhi, uchungu wakati wa tendo la ndoa au wa kwenda haja, makovu, na kwa baadhi ya wanawake ugumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huwapata wanawake wapatao asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi duniani kote. Tiba ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Zipo dawa za kutuliza maumivu, zipo dawa za homoni, na upo upasuaji.

Jina endometriosisi lilienezwa na daktari Mmarekani, John Sampson, katika miaka ya 1920. Limeundwa kwa Kiyunani, na maana ya viungo vyake ni hali inayohusu ndani ya mji wa mimba. Hapa mwenye kuunda istilahi hana budi awe macho. Akilifasiri jina hilo kiungo kwa kiungo atapata kitu kama "ugonjwa wa ndani ya mji wa mimba", ilhali sifa kuu ya ugonjwa huu ni kwamba uko nje ya mji wa mimba! Wayunani hawana kosa, na Sampson alikuwa akieleza aina ya chembechembe, wala hakuwa akieleza mahali zilipo. Lakini mgonjwa anayefasiriwa jina hilo atauliza swali la haki: ikiwa ugonjwa uko ndani ya kizazi, kwa nini usiondoke pamoja na kizazi? Kwa hiyo tunaunga mkono kulitohoa jina hilo kama lilivyo, endometriosisi, na kulieleza kwa sentensi nzima panapohitajika.

Watu wa mitaani wana neno lao, nalo ni chango. Neno hili lina maana kadhaa: ni minyoo ya tumboni, ni utumbo, na pia ni maumivu ya tumbo ya wanawake, ambayo huitwa chango la uzazi. Wapo wataalamu wanaolidharau. Sisi tunaona kuwa halifai kuwa istilahi, kwa sababu limekusanya maradhi mengi chini ya mwavuli mmoja, lakini lafaa sana kuwa mlango wa mazungumzo. Muuguzi akimwuliza mama wa Sengerema au Magu kama ana maumivu sugu ya nyonga, huenda akajibiwa hapana. Akimwuliza kama ana chango, atasimuliwa habari za miaka kumi.

Tuje sasa kwenye yale yanayokatwa. Vipande vya endometriosisi vilivyoota mahali pasipo pake viitweje? Mara nyingi husemwa vidonda. Neno hilo halifai, kwa sababu mwananchi akisikia vidonda na tumbo katika sentensi moja hufikiri vidonda vya tumbo, ugonjwa mwingine kabisa, naye huacha kula pilipili na kunywa kahawa. Lipo neno la wakulima ambalo tunalipendekeza kwa moyo wote: maotea. Maotea ni mimea iliyoota yenyewe mahali ambapo haikupandwa, au iliyochipua kutokana na mabaki ya msimu uliopita. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Misungwi anayajua maotea vizuri, kwa maana kila baada ya mavuno hutakiwa ang'oe na kuchoma masalia ya pamba shambani ili wadudu wasipate makao ya kungojea msimu ujao. Neno hili halitishi, halina maana ya kansa, nalo linaeleza kwa usahihi kuwa kilichoota si kitu kigeni, bali kimeota mahali pasipo pake.

Tukiisha kuwa na maotea, namna mbili za kwanza za upasuaji zinajieleza. Katika namna ya kwanza daktari huyachoma maotea kwa umeme au mwali wa leza, yaani huiharibu sehemu inayoonekana na kuiacha palepale. Katika namna ya pili huyakata pamoja na shina lake na kuyatoa nje. Namna hii ya pili ina faida moja isiyotajwa mara nyingi kwa wagonjwa: kipande kilichotolewa chaweza kupelekwa maabara kuchunguzwa, ambapo kilichochomwa hakina cha kuchunguzwa. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Uzazi wa Binadamu na Embriolojia, uliotolewa mwaka 2022, unawaambia madaktari kwamba wanaweza kufikiria kukata badala ya kuchoma kwa ajili ya kupunguza maumivu. Lugha ya mwongozo huo, kama asomavyo kila mtu, ni ya tahadhari, na sisi hatutaitia nguvu isiyokuwa nayo.

Neno kuchoma lina taabu yake. Katika hospitali zetu kinachochomwa siku zote ni sindano. Tumesikia kwa masikio yetu mgonjwa akisema kwa furaha kuwa ameambiwa hatapasuliwa, atachomwa tu. Kwa hiyo tunapendekeza kuunguza, na nomino yake uunguzaji wa maotea. Kuunguza ni kuubabua uso wa kitu kwa moto, nalo ndilo tendo lenyewe. Ama kuhusu kukata, madaktari tuliozungumza nao wanalipenda kwa kuwa ni neno fupi lisilo na utata. Lakini kwa mkulima kukata jani ni kuliacha shina ardhini. Akitaka kusema kuwa shina limetoka husema kung'oa. Tendo la daktari ni hili la pili. Tunajua kuwa kung'oa ni neno lenye ukali, na kwamba likitamkwa peke yake mgonjwa atadhani kinachong'olewa ni kizazi. Basi lisitamkwe peke yake. Isemwe daima kung'oa maotea, kama isemwavyo kung'oa jino.

Hata hivyo tusimpe mgonjwa ahadi ambayo neno halina. Maotea yaliyong'olewa huweza kurudi, kama wavuvi wa Ziwa Viktoria wanavyojua habari za gugumaji, ambalo huopolewa leo ufukweni na kesho kutwa limejaa tena kwa kipande kilichosalia majini. Ndiyo sababu mwanamke asiyetafuta mimba kwa wakati huo huweza kushauriwa atumie dawa za homoni baada ya upasuaji. Kwa hiyo tunaomba neno kupona litumike kwa uangalifu hapa. Kupata nafuu ni maneno mawili, lakini ni ya kweli zaidi.

Ovari nazo zina habari ya pekee. Damu ya maotea yaliyo kwenye ovari huweza kujikusanya ndani ya kifuko, ikakaa humo hata ikawa nzito na nyeusi. Katika hospitali nyingi kifuko hiki huitwa uvimbe wa chokoleti, kwa kufuata rangi yake, na wapo kina mama walioondoka wakiamini kuwa wamekatazwa pipi. Kwa upande wa pili neno uvimbe limetwishwa kila kitu: uvimbe wa misuli ya mji wa mimba, uvimbe wa maji, na kansa. Tunapendekeza kifuko cha damu cha ovari.

Juu ya kifuko hicho daktari aweza kufanya mambo matatu, na hapa ndipo mwanamke anayetaka mtoto anapopaswa kuelezwa polepole. Aweza kukikamua, yaani kukitoboa na kuitoa damu, kama jipu. Kifuko kilichokamuliwa tu hujaa tena kwa urahisi. Aweza kukikamua kisha akauunguza ukuta wake wa ndani. Au aweza kuubambua ukuta wote kutoka kwenye ovari, kama mtu abambuavyo gome la mti ili apate kamba. Kubambua hupunguza uwezekano wa kifuko kurudi na hupunguza maumivu zaidi kuliko kukamua na kuunguza. Lakini gome halibambuki peke yake siku zote. Pamoja na ukuta huweza kutoka sehemu ya ovari yenye mayai, na akiba ya mayai ya mwanamke ni ile aliyozaliwa nayo, haiongezeki. Msichana wa miaka 24 mwenye vifuko katika ovari zote mbili, na ambaye alikwisha bambuliwa mara moja, yuko katika mizani tofauti kabisa na mama wa watoto wanne mwenye kifuko kimoja. Wote wawili wakiambiwa "tutatoa uvimbe", wameelezwa kitu kimoja kwa mambo mawili.

Tendo jingine halina jina la Kiswahili kabisa, na hili ndilo lililotupa kazi ya kupendeza. Makovu ya endometriosisi hugandisha viungo: ovari ikashikana na utumbo, mrija ukapinda, mji wa mimba ukavutwa nyuma. Daktari huvitenganisha polepole bila kuvichana. Hali hiyo ya kushikana tunaiita mgandano. Na kutenganisha je? Tulipokuwa Kirumba, karibu na soko la Mwaloni, tuliwatazama wavuvi wakishughulika na wavu ulioshikwa na jiwe. Hawakuuvuta. Mmoja aliingia majini akawa anautoa tundu baada ya tundu. Tulipouliza afanya nini tulijibiwa neno moja: anaunasua. Basi tunapendekeza unasuaji wa migandano, wala hatuoni haja ya kwenda Kilatini.

Sasa tufike kwenye neno zito kuliko yote, yaani kizazi. Katika Kiswahili kizazi ni kiungo cha mwanamke, ni uwezo wa kuzaa, na pia ni watu wa rika moja au ukoo unaoendelea. Daktari anaposema "tutoe kizazi" yeye ana kiungo akilini. Mama mkwe aliyetoka Ngudu kuja kumwuguza mkaza mwanawe anasikia mwisho wa ukoo. Wala kitenzi kutoa hakisaidii, kwa kuwa katika habari za uzazi watu wamezoea kukisikia pamoja na mimba. Tunapendekeza kiungo kiitwe mji wa mimba, na upasuaji huo uitwe uondoaji wa mji wa mimba, au histerektomi katika maandishi ya kitaalamu. Hatudai kuwa jina litaondoa huzuni. Mwanamke ambaye mji wake wa mimba umeondolewa hatabeba mimba tena, na ukweli huo asifichwe chini ya kitenzi chochote. Tunachodai ni kwamba asipewe huzuni ya ziada isiyo yake.

Tena neno kutoa kizazi huficha swali ambalo lingestahili kuulizwa kwanza: ovari zinabaki au zinaondoka? Mji wa mimba ukiondolewa na ovari zikabaki, hedhi hukoma lakini homoni za mwanamke huendelea kutengenezwa. Ovari zote mbili zikiondolewa, mwanamke huingia ukomohedhi mara moja, hata kama ana miaka 32, na yafuatayo si joto la mwili na kukosa usingizi peke yake, bali pia udhaifu wa mifupa na hatari zaidi ya maradhi ya moyo miaka ya mbele, isipokuwa apatiwe homoni badala ya zile alizozipoteza. Hizi ni operesheni mbili. Katika mazungumzo ya kila siku zina jina moja. Tunapendekeza zitajwe kwa ukamilifu wake kila mara, ijapokuwa ni kwa maneno mengi: kuondoa mji wa mimba na kuacha ovari, kuondoa mji wa mimba pamoja na ovari. Istilahi fupi si lazima iwe bora.

Mwongozo tulioutaja unasema kuwa upasuaji huu waweza kufikiriwa kwa mwanamke asiyetaka kuzaa tena, ambaye tiba nyingine hazikumsaidia. Kwamba maotea yote yanayoonekana nayo yaondolewe. Na kwamba aelezwe wazi kuwa huenda usimwondolee maradhi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Maotea yaliyo kwenye utumbo hayajui kama mji wa mimba umeondoka.

Kuhusu njia ya kuingilia tumboni hatuna mengi. Wananchi wenyewe wamekwisha unda jina, upasuaji wa matundu madogo, na vyombo vya habari vimelipokea. Ni jina bora kuliko laparoskopi, ingawa hili nalo libaki kwa wataalamu. Tunaongeza tahadhari moja tu. Matundu madogo ni njia, si tiba. Kwa njia hiyo daktari aweza kuunguza, kung'oa, kubambua, kunasua, au hata kuondoa mji wa mimba. Maumivu ya kidonda ni madogo na siku za kulala hospitali ni chache kuliko tumbo likifunguliwa, lakini mwenye kuuliza "ni matundu au ni kisu?" ameuliza nusu ya swali. Hali kadhalika zamani ilishikiliwa kuwa ugonjwa huu hauthibitishwi ila kwa kuchungulia tumboni kwa matundu. Siku hizi picha za altrasaundi za mtaalamu aliyezoea, au za MRI, pamoja na maelezo ya mgonjwa, huweza kutosha kuanza dawa.

Huduma hizi hazipo katika kila hospitali ya wilaya, na umbali nao huingia katika mizani. Tangu Juni 2025 watu wa Sengerema na Geita huvuka kwa daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko, bali mtu wa Ukara bado hutegemea chombo cha majini. Kwake yeye swali la kama atapasuliwa mara moja au mara mbili ni swali la nauli, la mtu wa kumwuguza, na la shamba litakalobaki bila jembe. Si jambo la kubuni kuwa upasuaji huweza kurudiwa. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, ameeleza hadharani kuwa amepasuliwa zaidi ya mara kumi kwa ajili ya endometriosisi, na kwa kusema hivyo amewatoa wengi katika ukimya. Alijifungua mtoto wa kiume mwaka 2017.

Neno ridhaa nalo limechakaa kwa matumizi. Katika wodi kupata ridhaa kumekuwa na maana ya kupata sahihi au dole gumba, na mara nyingi dole lenyewe ni la mume. Sahihi ni alama ya ridhaa, haiwezi kuwa ridhaa yenyewe, na mwenye kuitoa ni mgonjwa aliye mtu mzima na mwenye akili timamu. Kwa kufuata istilahi tulizozieleza, maneno ya fomu yangeweza kuwa hivi: "Nimeelezwa kuwa nina endometriosisi. Nakubali maotea yang'olewe, na yasiyong'oleka yaunguzwe. Nakubali kifuko cha damu cha ovari ya kushoto kibambuliwe. Nakubali migandano inasuliwe. Sikubali mji wa mimba wala ovari kuondolewa, isipokuwa kwa kuokoa maisha yangu." Mama wa Nansio aweza kuyasoma hayo, au kusomewa, na kuuliza juu ya kila kitenzi.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Yako maotea yanayopenya ndani sana, yakaingia katika ukuta wa puru au wa kibofu, ambayo upasuaji wake ni mgumu kuliko wote na huhitaji daktari wa utumbo awepo pia, kwa kuwa huenda kipande cha utumbo kikakatwa. Wengine husema maotea ya kina, wengine maotea yaliyozama. Kina hutuelekeza kwenye ziwa, na kuzama kwa watu wa Mwanza ni neno la msiba tangu meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Mtu mmoja wa Magu ametupa maotea ya mzizi mrefu. Twalitafakari, na tungependa kusikia kutoka kwa wauguzi wa kanda ya ziwa ni lipi wagonjwa wao wanalielewa bila kufafanuliwa mara ya pili.